Toka mutobe mpaka sukre: chakula chetu Kalengera

Wazee wetu wa Kalengera, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, walikuwa na desturi moja: chakula kijulikane kilikotoka. Maharagwe yalijulikana shamba lake, mutobe ulijulikana mwenye ndizi. Ndizi zilifukiwa shimoni mpaka ziive, zikakamuliwa kwa majani, watoto wakanywa siku ileile. Ukitia unga wa mtama ukaacha uchache, unapata kasiksi ya wakubwa.

Tusidanganyane kwamba vyote vilikuwa vya asili. Maharagwe, mahindi na muhogo vilivuka bahari toka Amerika. Wazee wakavipanda, wakavijua. Kwa hiyo ugeni si kosa. Kutengeneza nako si kosa, maana hata kasiksi inatengenezwa.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo. Kipande cha Maggi, kilichoanza kuuzwa mwaka 1908 huko Ulaya, kilifika mpaka kwenye chungu chetu cha sombe. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia upande wa Goma, na kambi za Katale na Kahindo zikawekwa huku kwetu Rutshuru. Unga, mafuta na biskuti za msaada zilionekana hata sokoni. Kambi zilifungwa 1996, lakini chakula cha mfuko hakikuondoka.

Leo tunashusha ndizi barabarani, magari yanazipeleka Goma, na kwa pesa ileile tunanunulia watoto biskuti na vinywaji vya chupa, tunavyoita sukre. Mtoto akipewa mutobe anasema: "Hapana mama, nipatie ya chupa." Kumbe ya chupa imekuwa alama ya kuwa na pesa!

Mwaka 2009, mtaalamu Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, alipendekeza tuangalie chakula kwa namna kilivyotengenezwa. Vile vya kiwandani kupita kiasi vina sukari, chumvi na mafuta mengi, pamoja na rangi na manukato ambayo hakuna mama anayaweka jikoni. Uchunguzi mwingi umevihusisha na unene, kisukari na ugonjwa wa moyo. Yote yameandikwa kwenye mfuko, ila kwa Kifaransa na herufi ndogo. Hapo ndipo desturi ya wazee ilipokatika.

Hatumlaumu mama. Vita vilipofika Rutshuru Oktoba 2022, wengi waliacha mashamba wakakimbilia Kanyaruchinya. Asiye na shamba hachagui, na biskuti haidai kuni.

Lakini mwenye shamba bado ana uji wa sosoma: mtama, soja na mahindi, vinasagwa kinuni hapahapa, mbele ya macho yake. Na siku tukinunua cha mfuko, tumwite mwanafunzi wa nyumbani atusomee kwa sauti kilichomo, kabla ya kufungua.