Sema, Usiguse

Alfred Angas Scott alikuwa na kiwanda cha pikipiki huko Yorkshire, Uingereza. Mwaka 1914 aliwaita wafanyakazi wake waziendeshe pikipiki walizozitengeneza wenyewe, wapite vijito, matope na miamba ya milimani. Mashindano hayo, Scott Trial, yapo hadi leo. Kule Scotland mchezo wa namna hiyo ulikuwa umeanza mwaka 1909, nao ukaja kujulikana dunia nzima kama mashindano ya Siku Sita.

Siku hizo watu walitaka kujua jambo moja: je, chombo hiki kinaaminika? Mikanda ilikatika, matairi yalipasuka, na mnunuzi hakutaka kulala porini. Fundi akimfuata mshindani nyuma, jaribio lenyewe halina maana tena. Kwa hiyo msaada wa mtu wa nje ulionekana kuwa udanganyifu. Roho hiyo ilikuwa imeenea katika michezo ya magurudumu. Mwaka 1913, katika Tour de France, Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa baiskeli kwenye mlima Tourmalet. Aliibeba kwa zaidi ya kilomita 10 hadi kijijini, akauunga uma huo kwa mikono yake katika karakana ya mhunzi, huku wasimamizi wakimtazama. Hata hivyo aliongezewa dakika za adhabu, kwa sababu kijana mmoja alimvukutia moto.

Pikipiki zilipokwisha kuaminika, triali, kama mchezo huu unavyoitwa, haikufa. Ilibadilika kuwa mchezo wa usawaziko. Njia hugawanywa vipande vifupi vya mawe, mizizi na maji, na kila kipande kina mwamuzi wake. Ukipita bila kukanyaga chini, huna alama. Mguu ukigusa mara moja ni 1, mara mbili ni 2, mara tatu au zaidi ni 3. Ukianguka au ukishindwa kufika mwisho, ni 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Na 5 hiyohiyo humpata anayesaidiwa na mtu wa nje.

Ni nini basi kilichomwingiza kwenye miamba msaidizi, yule mtu anayemfuata mwendeshaji na kumwelekeza kwa maneno? Nadhani ni uzito wa chombo, au tuseme kupungua kwake. Sammy Miller wa Ireland ya Kaskazini alitamba kwa Ariel ya sentimita za ujazo 500, pikipiki nzito ya injini ya mipigo minne. Mwaka 1965 alishinda Siku Sita za Scotland kwa Bultaco, pikipiki nyepesi ya Kihispania ya mipigo miwili, na ule wakati wa Ariel ukaisha. Leo pikipiki ya triali ina takribani kilo 70. Jordi Tarrés, Mhispania aliyelelewa kwenye triali ya baiskeli, alikuja na ujuzi wa kuirukisha pikipiki papo hapo, akatwaa ubingwa wa dunia mara saba kati ya 1987 na 1995. Wapangaji wa njia walijibu kwa kutafuta mawe makubwa zaidi, marefu kuliko mtu.

Ukianguka kutoka urefu huo, chombo kinakuja juu yako. Hapo ndipo msaidizi akawa mtu wa lazima katika mashindano ya dunia. Kama utingo wa lori, husimama pembeni ya hatari, macho yake kwenye gurudumu, akisema: vuta, subiri, kulia kidogo. Hubeba pia vifaa. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Pikipiki, FIM, zinamtaka avae kofia ngumu. Maneno yanaruhusiwa. Mkono wake ukiishika pikipiki au mwendeshaji ndani ya kipande, ni 5.

Mpaka huo naupenda kwa dhati. Haumkatazi kuokoa mtu. Pikipiki ikiporomoka, ataidaka, naye mwendeshaji atalipa kwa alama, lakini atakuwa mzima. Hakuna mwamuzi anayelazimika kupima kama mguso ulisaidia kidogo au sana. Kisichonipendeza ni wakubwa kutegemea mtu wa pili, wakati kijana wa klabu ndogo hana wa kumsaidia. Dougie Lampkin, bingwa wa dunia mara saba mfululizo tangu 1997 na mshindi wa Siku Sita za Scotland mara 12, ni mtoto wa Martin, bingwa wa kwanza wa dunia mwaka 1975. Vijana wachache sana huanza wakiwa na nyumba kama hiyo.

Mwaka 2013 FIM iliamua kwamba mwendeshaji anayesimamisha pikipiki ndani ya kipande achukue 5, ili mchezo urudi kwenye mwendo usiokatika. Ilikuwa hatua njema, ila haikufika kwenye mzizi. Jiwe likiendelea kuwa refu kuliko mtu, msaidizi ataendelea kuhitajika. Wenye uwezo wa kulibadilisha hilo ni wapangaji wa njia, wale wanaotangulia mlimani na kamba na vibendera kabla ya mashindano kuanza.