Bunduki ya Mitutu Miwili: Waraka Tusiousoma Ukingoni mwa Ziwa Nyasa

Tumezoea kuitafuta historia ya Ruvuma katika majalada ya wakoloni, kumbukumbu za misheni na simulizi za wazee. Upo waraka mwingine tunaoupita bila kuusoma: bunduki kuukuu ya mitutu miwili, iliyorithiwa toka kwa babu na kusahauliwa darini. Hoja yangu ni kwamba chuma hicho kina maandishi, na asiyeweza kuyasoma anaweza kupoteza historia, au hata uhai.

Tuanze na siasa yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizibana silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoachwa mikononi mwa Mwafrika kilikuwa hasa gobore na baruti ya kawaida. Mwaka 1896 Gavana von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyoufanya uwindaji kuwa jambo la kibali. Kisha ikaja Vita ya Maji Maji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu pale Songea, na baada ya vita wakazikusanya bunduki za wananchi. Waingereza nao, kwa udhamini waliopewa mwaka 1922, walifungwa na sharti la kudhibiti vikali biashara ya silaha.

Matokeo yake yalionekana shambani. Mkulima wa Umatengo, fundi wa ngoro, alilazimika kuyalinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori na nyani kwa mkuki, mtego na mbwa. Kwa hiyo bunduki ya mitutu miwili iliyokutwa leo Mbinga, Liuli au Mbamba Bay inatuuliza swali la kisiasa: nani aliaminiwa na dola hata akaruhusiwa kuimiliki? Afisa, mlowezi, mmisionari, mtemi, au mkulima aliyefanikiwa?

Jibu huanzia kwenye mihuri. Bunduki ikifunguliwa na mwenye mamlaka, alama huonekana chini ya mitutu, karibu na chemba. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni muhuri wa Liège, Ubelgiji. Taji juu yake liliongezwa mwaka 1893. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji huashiria Birmingham, ambako nyumba ya majaribio ya bunduki ilianzishwa mwaka 1813. Herufi N yenye taji, kwa bunduki ya Kijerumani, huonyesha kwamba ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Namba 12 ni kipimo cha mtutu: risasi 12 za duara, zenye upana huo, hutimiza ratili moja ya risasi. Jina la kifahari lililochongwa ubavuni lisimwaminishe mtu haraka, kwani majina yalighushiwa sana. Muhuri ndio shahidi mzuri zaidi.

Baada ya asili, hali yake. Mitutu yenye michoro ya mawimbi huenda ni ile iitwayo Damascus, iliyofuliwa kwa kusokota vipande vya chuma na chuma cha pua. Mingi ilitengenezwa kwa baruti nyeusi, na kuitia risasi za leo ni kucheza na kifo. Chemba nyingi za zamani zina urefu wa milimita 65, ilhali risasi nyingi za sasa zinahitaji 70. Risasi ndefu yaweza kuingia bila kizuizi, lakini ikilipuka shinikizo hupanda kupita kiasi. Mkaguzi huchungulia mashimo ya kutu ndani ya mtutu, mbonyeo, nyufa za kitako, na mlegeo pale mitutu inapokutana na mtambo. Huitundika mitutu iliyovuliwa na kuigonga taratibu: mlio safi kama wa kengele ni dalili njema, mlio mzito huashiria kwamba ukanda unaoiunganisha umeachia. Hata hivyo, kung'aa si uzima. Bila uchunguzi wa fundi aliyeidhinishwa, bunduki ya aina hii isifyatuliwe kamwe.

Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi iko wazi: kumiliki silaha bila kibali ni kosa, na urithi si kibali. Mwenye nayo aende polisi. Lakini nawauliza watumishi wa umma wanaosoma hapa: silaha kuukuu ikisalimishwa, nani anaiandika mihuri yake kabla haijateketezwa? Napendekeza kila inaposalimishwa ipigwe picha, namba na alama zinakiliwe, na masimulizi ya familia yarekodiwe. Zile adimu zizimwe kitaalamu na kupelekwa Makumbusho ya Maji Maji, Songea. Gharama yake ni daftari, kamera na nusu saa ya mtu mwenye subira.

Dola iliyowanyang'anya babu zetu bunduki haikutuachia maelezo yao. Dola yetu wenyewe isirudie kukusanya chuma na kuacha historia.