Safari ya Bonane: historia ya kusafiri wakati wa sikukuu kutoka Goma

Ikifika katikati ya Desemba, swali ni lile lile kwenye bandari ya Goma na pale Kituku: nauli imefika ngapi? Kwingineko duniani kampuni za safari hutangaza promosyo za Noeli miezi miwili kabla, na mwenye kupanga mapema hulipa kidogo. Hapa kwetu bei ya sikukuu inapanda tu. Watu wote wanataka kuondoka juma moja, na barabara za kuwatoa mjini ni chache kila mwaka unaopita.

Hata hivyo, mji huu huu uliwahi kuwa na bei ya msimu iliyoshuka kwa nusu, na habari yake ilifika Ulaya na Marekani. Haikuwekwa kwa ajili ya mama anayewapeleka watoto kwa babu na nyanya yao Idjwi. Historia ya safari za sikukuu Goma ni historia ya bei hizo mbili, ya mgeni anayekuja na ya mwenyeji anayerudi kwao.

Ile ya mgeni ilianza na mfalme. Mwaka 1919 Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alitembelea Marekani, akaona hifadhi za taifa za kule. Baadaye Carl Akeley, Mmarekani aliyewahi kuwapiga risasi gorila wa Mikeno kwa ajili ya makumbusho kisha akageuka mtetezi wao, alisukuma wazo la kuwalinda. Tarehe 21 Aprili 1925 ikazaliwa Hifadhi ya Albert, hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Mwaka 1929 ilipanuliwa, na tambarare za Rwindi zikaingizwa pia. Wazungu waliokuja kutalii walifika kiangazi, njia zikiwa kavu, wakaona viboko na tembo kule Rwindi, kisha wakashuka kupumzika kando ya ziwa, Goma, Gisenyi au Bukavu, ambayo wakati huo iliitwa Costermansville.

Jambo moja halikutajwa katika matangazo ya safari hizo. Watu walikuwa wakiishi ndani ya mipaka hiyo mipya. Familia ziliondolewa katika mashamba na malisho yao ili wanyama wabaki peke yao na wageni wao. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa mapumziko katika Kivu Kaskazini palianza kwa kuhamisha watu, na wajukuu wa waliohamishwa bado wanadai ardhi hiyo hadi leo.

Baada ya uhuru, hifadhi ilipewa jina la Virunga mwaka 1969, na mwaka 1979 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Mobutu alijijengea nyumba ya kifahari Goma, ufukoni mwa ziwa. Kahuzi-Biega, upande wa Bukavu, ilianzishwa mwaka 1970, na huko wageni wakaanza kupelekwa karibu na gorila waliozoezwa kuona watu. Miaka ya 1980 kazi hiyo ilifika Djomba, wilaya ya Rutshuru. Wazee wa Goma wanaokumbuka nyakati hizo husimulia mji wa maua na barabara safi. Masimulizi kama hayo huongezwa chumvi, lakini hoteli zilikuwepo kweli na wageni walikuja kweli.

Mwezi wa Julai 1994 zaidi ya watu nusu milioni waliingia Goma kutoka Rwanda katika siku chache, kipindupindu kikafuata, na miti ya hifadhi ikawa kuni za kambi. Mwaka huo huo UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kisha vita vya 1996 na 1998, kisha volkano ya Januari 2002 iliyopita katikati ya mji. Kwa miaka mingi hakuna aliyetaja Goma na mapumziko katika sentensi moja.

Bei ya nusu ilikuja baada ya hapo. M23 waliposhindwa mwishoni mwa 2013, hifadhi ilifungua tena milango mwaka 2014. Kibali cha kuwaona gorila kiliuzwa dola 400, na katika miezi ya mvua, ambapo wageni ni wachache na njia zinateleza, kikashushwa hadi dola 200. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilikuwa ikitoza dola 750, na mwezi wa Mei 2017 ikapandisha hadi 1,500. Mgeni mwenye hesabu zake alijua afanye nini: alitua Kigali, akavuka Gisenyi kuingia Goma, akaona gorila wale wale wa safu ya Virunga kwa bei ya chini sana. Wengine waliongeza kupanda Nyiragongo kutoka Kibati, mwendo wa saa nne hadi sita mpaka ukingoni, karibu mita 3,470, ili usiku watazame moto unaochemka chini. Wengine walilala katika mahema kwenye Tchegera, kile kisiwa chenye umbo la mwezi mchanga.

Promosyo ile iliwafaa pia watu wa hapa. Ilileta kazi kwa wabeba mizigo wa Kibati, madereva, wapishi na wachongaji wa sanamu. Lakini mwalimu wa Goma asingeweza kulipa hata hiyo dola 200, kwa hiyo vijana wengi wa mji huu wameujua moto wa Nyiragongo kwa kuuona angani usiku tu, wekundu juu ya mawingu.

Nayo haikudumu. Tarehe 11 Mei 2018 mlinzi wa hifadhi, mwanamke kijana, aliuawa na Waingereza wawili wakatekwa. Utalii ukafungwa hadi Februari 2019. Machi 2020 ukafungwa tena kwa sababu ya korona. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Juni 2022 M23 wakachukua Bunagana, na kufikia mwisho wa Oktoba Rutshuru pia. Hifadhi ilitimiza miaka 100 tarehe 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka, utalii ukiwa umesimamishwa.

Bei ya pili haikuandikwa katika tangazo lolote, lakini ndiyo inayozijua familia za Goma. Kalenda yake si ya mvua na kiangazi peke yake. Ni kalenda ya vakansi kubwa, kuanzia Julai hadi Septemba, ambapo watoto hupelekwa kijijini. Ni Pasaka, ni tarehe 30 Juni, ni siku ya wazazi tarehe 1 Agosti, ambapo watu huanzia makaburini kuwasafishia wazee wao na kumalizia mezani. Na juu ya zote ni Noeli na Bonane. Mtu wa Goma akisema anasafiri sikukuu, mara nyingi anamaanisha anarudi kwao: Masisi, Rutshuru, Walikale, Kalehe, Idjwi, Bukavu.

Safari hiyo ina mizigo yake ya kwenda na ya kurudi. Kwenda ni sabuni, chumvi, mafuta, nguo za watoto na vitenge vya mama wakubwa. Kurudi ni maharagwe, viazi na jibini ya Masisi, nanasi za Idjwi, na kidumu cha kasiksi kilichofungwa vizuri kisimwagikie nguo. Wanaobaki mjini huwapokea ndugu wa Bukavu na kuwapeleka ziwani, na kabla mpaka haujawa na masharti mengi, wengi walivuka Petite Barrière kwenda kutembea ufukoni Gisenyi na kurudi jioni.

Barabara ya Masisi ni tope wakati wa mvua, na Bonane huangukia mvua. Kwa Bukavu, njia ya milimani kupitia Sake na Minova huchosha gari na abiria. Ndiyo maana ziwa limekuwa barabara kuu ya sikukuu. Juu yake kuna ngazi tatu za nauli. Boti za mwendo wa kasi hufika Bukavu kwa saa chache, na bei yake ni ya wenye mshahara mzuri. Meli kubwa za abiria na mizigo huenda polepole, na wengi hupenda zile za usiku kwa kuwa hazili siku ya kazi. Mwisho kuna mitumbwi na boti za mbao zinazogusa kila kijiji cha Kalehe na Idjwi, ambako meli kubwa hazitii nanga. Familia yenye watoto sita hupiga hesabu na kushuka ngazi ya tatu.

Hapo ndipo bei nafuu inapotaka kuangaliwa. Mwenye boti ya mbao hawezi kushusha nauli kwa kupunguza mafuta, kwa sababu injini inakunywa kiasi kile kile. Anaishusha kwa kuongeza watu. Boti iliyoandikiwa abiria 80 ikibeba 80, kila mmoja atalipa bei kamili ya safari. Ikibeba mara tatu, kila mmoja atalipa kidogo na mwenye boti atapata zaidi. Abiria wa nyongeza hawamo katika orodha ya bandari, wengine wanapandia vijijini baada ya ukaguzi, na mizigo inawekwa juu, si chini. Chombo kinakuwa kizito upande wa juu. Wimbi likija kwa ubavu, watu wanaogopa na kukimbilia upande mmoja wote kwa pamoja, na kuhama huko huweza kukipindua.

Aprili 2019, katika juma la kabla ya Pasaka, boti iliyotoka Goma ilizama karibu na Kalehe, na watu wasiopungua mia moja wakatajwa kuwa hawajulikani walipo. Rais Tshisekedi alikwenda Kalehe na kuagiza kila abiria avae jaketi la kuokolea, lile tunaloliita jile. Agizo lilifuatwa kwa muda, hasa kwenye vyombo vikubwa. Kwenye vile vidogo majile yalibaki machache, mengine yakifungiwa mahali ambapo mkono wa abiria haufiki.

Februari 2024 mapigano yalikata barabara ya Sake na Minova. Tangu hapo chakula na watu wa Minova walikuwa na njia moja tu ya kufika Goma, na hiyo ni maji. Tarehe 3 Oktoba 2024, siku ya Alhamisi mchana, boti iitwayo Merdi ilitoka Minova ikakaribia Kituku. Watu waliokuwa wakiwangojea ndugu zao ufukoni waliiona kwa macho, ikapinduka mita mia chache tu kutoka nchi kavu. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba watu 278 ilhali uwezo wake ni kama 80, na hesabu yake ya kwanza ya waliokufa ilikuwa 78. Haikuwa sikukuu. Lakini vita vilikuwa vimeligeuza ziwa kuwa kama tarehe 24 Desemba kila siku ya juma, kwa sababu watu wote walikuwa njia moja.

Ziwa hilo hilo limeokoa wengi. Usiku wa kuamkia 27 Mei 2021, gavana wa kijeshi alipoamuru kata kumi za Goma ziondoke kwa hofu ya volkano, maelfu walikimbilia bandarini na meli zikawapeleka Bukavu, huku wengine wakienda Sake na Rutshuru kwa miguu. Mwisho wa Januari 2025 M23 walipouchukua mji, safari za meli zilisimama. Zilianza tena Februari, baada ya Bukavu nayo kuchukuliwa. Uwanja wa ndege na benki zilifungwa, na aliyezoea kumtumia mama yake pesa ya Noeli kupitia benki akalazimika kutafuta mtu wa kumbebea mkononi.

Kwa wahami, kalenda ya sikukuu ilibaki lakini safari iligeuka. Familia za Rutshuru na Masisi zilifanya Bonane ya 2023 na ya 2024 katika mahema ya Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, kilomita chache kutoka barabara ambazo zamani ziliwapeleka nyumbani. Februari 2025 waliambiwa watoke kambini ndani ya saa 72. Wengi walirudi vijijini siku ambayo hawakuichagua, wakakuta nyumba bila bati na shamba ambalo halijalimwa. Wengine walibaki Goma kwa ndugu. Kwao, kwenda kijijini kwa Noeli maana yake ni kwenda kuangalia kwanza: mtu mmoja anatangulia, mara nyingi baba au kijana mkubwa, anaona hali ya njia na ya shamba, kisha anatuma habari kama watoto waje au wasije.

Anayesafiri kwa maji msimu huu ana mambo machache yaliyo mikononi mwake. Jina liandikwe katika orodha kabla ya kupanda, pamoja na majina ya watoto, kwa sababu mtoto asiyeandikwa hatafutwi. Jile livaliwe tangu bandarini, lisiwe mto wa kukalia. Mizigo mizito ishuke chini ya chombo. Boti ikisimama katikati ya njia kuongeza watu huku maji yako karibu na ukingo, abiria wana haki ya kukataa kwa sauti moja, na vijijini kumewahi kukataliwa. Na tarehe 19 au 20 Desemba, asubuhi, foleni ya Kituku huwa fupi kuliko jioni ya tarehe 23, na nauli haijapanda hadi mwisho.