MIAKA 106 YA KUSUBIRI KITABU



Baada ya ibada kijana mmoja aliniuliza, "Pasta, kama nina Roho Mtakatifu, ya nini kusumbuka na kusoma? Si Roho atanifundisha?" Ni swali zuri. Nikamwambia tuanze na historia ya Ukambani.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Wengi wangerudi nyumbani. Yeye alibaki akajifunza lugha, neno moja baada ya jingine, kwa kuwauliza wenyeji. Alijua mtu hawezi kuamini asichokielewa. Mwaka 1849 alisafiri mpaka Kitui kwa mzee Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Mwaka 1850 Injili ya Marko ikachapwa kwa Kikamba huko Ujerumani.

Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake walifika, wakaanza kazi kule Nzaui, Makueni ya leo. Kabla ya mwisho wa 1896 Scott alikuwa amekufa, hajafika miaka 30. Kazi ikaendelea. Agano Jipya lote kwa Kikamba likatoka mwaka 1920. Biblia nzima, mwaka 1956.

Piga hesabu, mpendwa. Kutoka Marko ya 1850 hadi Biblia nzima ni miaka 106! Kuna watu wa Mungu hapa kwetu waliookoka, wakazeeka, wakalala katika Bwana bila kusoma Isaya kwa lugha ya mama yao.

Na unajua Wakristo wa kwanza waliitwaje? Kule Buganda waliitwa wasomaji. Huku kwetu waliitwa asomi. Jirani alipotaka kujua kama umeokoka, aliangalia kama unasoma. Kuamini na kujifunza vilikuwa kitu kimoja.

Leo Biblia nzima iko kwenye simu yako, kwa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza. Lakini ni lini ulisoma kitabu kimoja mpaka mwisho? Tunangoja mstari wa siku, tunaandika Amina, tunaendelea na shughuli.

Wapendwa, hili si jambo dogo. Mwaka 2023, kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto wengi. Manusura walieleza kwamba walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Walikuwa watu wa maombi. Walikuwa na bidii kuliko wengi wetu. Bidii bila ufahamu ni gari lisilo na breki.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Soma Matendo 8. Towashi wa Ethiopia alikuwa ametoka kuabudu Yerusalemu, yuko garini anasoma Isaya, lakini haelewi. Roho angeweza kumshushia maana moyoni papo hapo. Badala yake alimtuma Filipo akimbilie gari. Filipo akamuuliza kama anaelewa, na yule mkubwa wa serikali hakuona aibu kusema anahitaji wa kumwongoza. Umeona? Jibu la Roho lilikuwa mwalimu! Na siku ya Pentekoste yenyewe, Roho aliposhuka, kila mtu alisikia matendo ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Roho Mtakatifu hapingani na kuelewa. Ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo usiogope kuuliza. Hata mimi pasta wako, nikihubiri jambo usilolielewa, niulize. Fungua Biblia uhakikishe, kama walivyofanya watu wa Beroya katika Matendo 17. Mchungaji anayekataza maswali, mwogope.

Wiki hii tusome Marko, kitabu kilekile kilichotangulia kwa Kikamba. Kina sura 16. Soma mbili kila siku, siku nane umemaliza. Kama una susu nyumbani ambaye macho yamechoka, msomee kwa sauti, kisha muulize ameelewa nini. Andika maswali yako, uje nayo kwenye mafundisho ya katikati ya wiki.

Baba, tufungulie akili zetu kama ulivyowafungulia wanafunzi wako. Utuondolee uvivu na aibu ya kuuliza. Kwa jina la Yesu, Amina.

Mbarikiwe, wasomaji wa Bwana.