KIUNGO ALIYECHEZA FAINALI YA KOMBE LA DUNIA BILA KUJUA KAMA NI FAINALI

Julai 13, 2014, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Ujerumani na Argentina, fainali ya Kombe la Dunia. Dakika ya 17 kiungo wa Ujerumani mwenye miaka 23 anagongwa kichwani na bega la beki wa Argentina, chini! Dogo huyu hata hakupangwa kuanza, alipata namba baada ya mwenzake kuumia wakati wa kupasha misuli. Sasa hapo unadhani angekubali kutoka kirahisi?

Akatibiwa kidogo, akarudi mzigoni. Baadaye akamfuata refa na kumuuliza kama kweli hii ndiyo fainali. Refa akajua anataniwa. Jamaa akauliza tena, anataka uhakika. Refa akaona hapa hakuna utani, akamshtua mchezaji mwenzake, na dakika ya 31 dogo akatolewa. Ujerumani walibeba kombe kwa bao 1-0 la dakika za nyongeza, lakini mwenyewe alikuja kusema hakumbuki alivyocheza.

Ni hivi: kichwa kikigongwa, ubongo unatikisika ndani ya fuvu. Mtu anaweza kusimama, kukimbia, hata kupiga pasi, huku kumbukumbu na akili vimevurugika. Akigongwa tena kabla hajapona, balaa linakuwa kubwa zaidi. Ndiyo maana kumuuliza mwenyewe "uko fresh?" haisaidii. Anakujibu kwa ubongo ule ule ulioumia.

Lakini kwa miaka mingi soka ilikuwa inamuuliza yeye, au kocha anayetaka pointi tatu. Novemba 2013, Everton na Tottenham, kipa wa Spurs alipigwa goti la kichwa akazima kabisa. Alipozinduka akagoma kutoka, na kocha akambakisha. Kwenye Kombe la Dunia lile lile la 2014, beki wa Uruguay alizimia kwenye mechi na England. Daktari akaonyesha ishara ya kumtoa, beki akamkatalia hadharani, akarudi na kumaliza mechi. Wengi waliita huo ni uanaume.

Kelele zikawa nyingi. Msimu wa 2014/15 Ligi Kuu ya England ikaamua daktari ndiye mwenye neno la mwisho, siyo kocha. Septemba 2014 FIFA nayo ikaruhusu refa kusimamisha mchezo hadi dakika 3 ili daktari amwangalie mchezaji.

Je, iliisha hapo? Wapi! Mei 2018, fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Kyiv, kipa wa Liverpool alipigwa kiwiko cha kichwa, kisha akafanya makosa mawili ya ajabu. Real Madrid wakashinda 3-1. Mitandao ikamchana bila huruma. Siku chache baadaye madaktari wa Boston wakasema alipata mtikisiko wa ubongo, na huenda ndio uliomharibia mechi. Watu walikuwa wameshacheka, na wengine hawakuamini mpaka leo.

Februari 2021 Ligi Kuu ya England ikaanza kujaribu sub ya ziada kwa aliyeumia kichwa, na mwaka 2024 ikaingia rasmi kwenye sheria za soka kwa mashindano yanayoitaka. Ila ukitoka kwa sub hiyo hurudi tena. Chama cha wachezaji duniani kinataka sub ya muda kama raga, ili daktari ampime mtu taratibu bila timu kubaki pungufu. Waliotunga sheria bado wamegoma.

Kwahiyo daktari bado anapewa dakika chache, mashabiki wanapiga kelele, na mchezaji anaapa yuko poa. Mguu ukivunjika kila mtu anauona na hakuna anayemwambia mtu ajikaze. Kichwa hakionyeshi kitu.

Wewe ungekuwa kocha siku ile Maracanã, ungemtoa dakika ya 17?