Sanduku la Fundi: Habari za Vibebeo vya Zana katika Jinja na Mbale

Atakaye kuandika historia ya Jinja na Mbale aghalabu huanza na mambo makubwa: reli, bwawa, viwanda, na kahawa ya Mlima Elgon. Sisi tumeona afadhali tuanze na kitu kidogo kisichokosekana penye kazi, nacho ni sanduku la fundi. Zana zisizo na mahali pa kukaa hazidumu: kutu huzila, makali hugongana njiani, na mwivi huziona. Tena, twadai kuwa katika miji hii miwili ni sanduku hilo, zaidi ya cheti au mshahara, lililobainisha nani alikuwa kibarua wa mtu na nani alikuwa bwana wa kazi yake.

Kabla ya reli, zana za mafundi wa Busoga na Bugisu zilikuwa chache. Shoka, tezo la kuchongea mitumbwi, nyundo ya mti yenye mistari ya kupondea magome yawe nguo: vyote hivi vilichukuliwa mkononi au kikapuni, au vilifungwa kwa maganda makavu ya mgomba. Havikuhitaji zaidi ya hayo. Haja ya sanduku ilikuja pamoja na makali mengi membamba, yaani patasi za kila ukubwa, randa, keekee na misumeno ya meno madogo.

Makali hayo yalienea kwa wingi pamoja na reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India ili wajenge njia ya Mombasa hadi Kisumu. Wengi walirudi kwao, lakini elfu kadhaa walibaki, na wengine wakawafuata. Miongoni mwao walikuwamo maseremala, wahunzi na waashi wa Punjab, hasa Masingasinga, ambao watu wetu waliwaita pia makalasinga. Mwaka 1912 Reli ya Busoga ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali, ikaunganisha meli za Ziwa Victoria na zile za Ziwa Kyoga. Mwaka 1929 njia ya kutoka Tororo ilipita Mbale ikafika Soroti, na mwaka 1931 daraja la reli likavuka Mto Nile pale Jinja. Palipo na reli pana karakana, na neno lenyewe karakana lina asili ya Kiajemi, likatufikia kwa njia ya India. Randa nayo ni ya huko huko, na debe vilevile. Sanduku tulilipata kwa Waarabu, kasha na parafujo kwa Wareno. Nyundo, shoka na msumeno ni maneno yetu wenyewe. Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi lugha inavyokua, na afungue sanduku la seremala tu. Waganda nao walilichukua neno hilo kwetu wakasema essanduuko, na msumari ukawa omusumaali.

Sanduku la seremala wa namna hiyo lilikuwa na mantiki yake. Urefu wake uliamuliwa na msumeno: upanga wa inchi 26 pamoja na mpini hauingii katika sanduku fupi kuliko sentimeta 70 na kitu. Kina chake kiliamuliwa na randa iliyolazwa ubavu, kwani randa ikisimamishwa juu ya ulimi wake hupoteza makali. Patasi zilipangwa katika ubao wenye matundu, kila moja na tundu lake, zisisuguane. Juu yake palikuwa na trei ya kunyanyuliwa, ya penseli, futi na vitu vidogo. Pembe hazikupigwa misumari peke yake, kwa maana msumari hulegea sanduku linapotikiswa. Ncha za mbao zilichongwa meno yenye umbo la mkia wa ndege, yakaingiliana, hata ukivuta huwezi kuzitenganisha. Msumeno ulifungwa ndani ya kifuniko, na kitambaa chenye mafuta kikawekwa chini, kwani hewa ya kandokando ya ziwa hukiletea chuma kutu upesi.

Mbao nazo! Hapa Busoga ilikuwa na bahati kubwa, kwa kuwa ilikuwa nchi ya mvule. Mti huu mchwa hawaupendi, maji hayauozeshi upesi, nao haupindi sana ukikauka. Ubaya wake ni uzito. Sanduku la mvule lililojaa zana ni mzigo wa watu wawili, kwa hiyo lilifaa kukaa mahali pamoja.

Na katika Jinja lilikaa. Kuanzia 1949 bwawa la Maporomoko ya Owen lilijengwa, likafunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954. Leo kituo chake cha umeme kinaitwa Nalubaale. Viwanda vilifuata, kama vile cha nguo cha Nyanza Textiles na kile cha kuyeyushia shaba ya Kilembe. Lakini katika kazi kubwa za namna hii zana ni mali ya bohari. Asubuhi mtu huzichukua, jioni huzirudisha, na siku anapoachishwa kazi hutoka mikono mitupu, ingawa ujuzi anao. Mwenye sanduku lake nyumbani angeweza kutengeneza kitanda cha jirani Jumapili; asiye nalo alingoja ajira nyingine. Hatusemi kwamba mishahara ya viwanda ilikuwa si kitu. Twasema tu kwamba haikumwachia mtu nyundo.

Mbale mambo yalikuwa mengine. Kazi nyingi za fundi zilikuwa nje ya mji, katika nyumba na ghala za wakulima wa kahawa, na njia za kupanda Wanale hazijali uzito wa mvule. Huko kilichofaa ni sanduku jembamba la mbao nyepesi lililofungwa juu ya keria ya baiskeli kwa vipande vya mpira, au, baiskeli iliposhindwa, mkoba wa gunia ulioshonwa maradufu, wenye mkanda wa begani. Waashi ndio hasa waliupenda mkoba, kwa kuwa mwiko, timazi na pimamaji havina makali ya kuogopa.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Makumi ya maelfu waliondoka, na sanduku zito halisafiri kwa ndege. Biashara na karakana nyingi ziligawiwa watu ambao hawakuwa mafundi, na raia wakawaita matajiri hao wapya “mafuta mingi”. Sisi walimu tungesahihisha mara moja iwe “mafuta mengi”, lakini historia imekwisha kuliandika kosa hilo kwa wino usiofutika. Bidhaa zilipokosekana madukani, zana nazo zikawa adimu.

Kutokana na dhiki hiyo mafundi wa bati walipata kazi. Pipa la mafuta la lita 200, likikatwa pande mbili na kupasuliwa ubavuni, hutoa bati lenye urefu wa karibu meta 1.8. Fundi huliponda juu ya kipande cha reli kuukuu, ambacho ndicho fuawe yake, hukunja ukingo kuuzunguka waya usimkate mtu mkono na upate nguvu, kisha hufunga pembe kwa ribiti. Ni mkono huo huo unaotengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Sanduku hili halina adabu ya lile la mvule: huvuma kama ngoma barabarani, na ndani yake unyevu hugeuka matone. Fundi mwangalifu hulitandika kwa mbao nyembamba, akaweka unga wa mbao uliotiwa mafuta kidogo. Lakini ni jepesi, hukubali kufuli, nalo likipondeka hunyooshwa.

Siku hizi yameingia masanduku ya plastiki, pamoja na keekee za umeme. Bawaba zake ni sehemu ya plastiki yenyewe, nazo hukatika kwa kukunjwakunjwa na kwa jua. Tumeyaona Mbale yakiwa yameng'olewa bawaba hizo na kutiwa za chuma, kwa skrubu na vipande vya bati ndani ili plastiki isipasuke, na mkanda wa turubai umepitishwa chini kabisa ili uzito usiuelemee mpini.