Kukuta, Kuonana na Kulaki

Waingereza wana kitenzi kimoja, "meet", nacho hutumika kwa kila namna ya watu kuja pamoja. Mtu akimwona mwenziwe njiani, ni hicho. Akienda kumpokea mgeni, ni hicho. Wazee wakikaa barazani kwa shauri, ni hicho. Hata deni likilipwa, pengine ni hicho. Sisi tumeyagawa maneno: kukuta, kuonana, kulaki, kukusanyika. Wale wanawali kumi wa Injili hawakumkuta bwana arusi tu, bali walitoka kwenda kumlaki. Kila neno lasema nani alikwenda na nani alingoja.

Tazameni habari iliyoanzia hapa Bagamoyo. Mwezi wa Machi 1871 Stanley aliondoka mjini petu kwenda kumtafuta Dakta Livingstone. Mwishoni mwa mwaka ule alifika Ujiji, na Kiingereza chatosheka na kitenzi kile kimoja. Kwa Kiswahili habari ni tatu. Susi, mtumishi wa Livingstone, alitoka kumlaki mgeni, kisha akakimbia kumpasha bwana wake habari. Stanley akamkuta Livingstone. Ndipo wawili hao wakaonana. Kitenzi cha Kiingereza chamficha Susi. Cha kwetu chamtaja.

Livingstone alifariki mwezi wa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua kwa miguu mpaka pwani. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mwili ukalazwa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, kisha ukavushwa Unguja. Maziko yalifanywa London, katika kanisa la Westminster, tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliouleta mwili, alikuwapo. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye; hawakuyakuta maziko.

Waliomchukua njia yote hawakuyakuta! Neno hilo dogo labeba huzuni kubwa.

Basi, sisi tufundishao na kufasiri, tusikimbilie neno la kwanza. Tuulize kwanza: Nani alikwenda? Nani alilaki? Nani hakukuta? Tusipouliza, tutawapoteza watu wetu wenyewe katika tafsiri.